Antena ya Bamvua

Mjomba Bakari,

Shikamoo. Najua marahaba yako sitaisikia tena, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia.

Leseni yangu ya redio imetoka. Imefika baada ya hitima yako, nikaishika huku nalia, maana wewe uliiombea dua kuliko mimi mwenyewe. Ndugu zako walitaka ule mwanzi wa antena wautie kwenye paa la jiko. Mkeo akawaambia, "Uacheni, una mwenyewe." Mwenyewe ni mimi, mjomba. Namshukuru mno.

Unakumbuka siku ya kwanza tulipoufunga kwenye baiskeli tukaupeleka hadi ufukweni Msambweni, betri ya lori ndani ya kikapu cha samaki? Watoto walidhani tunapandisha bendera ya uhuru, wakatuimbia. Tukausimamisha, tukatandaza nyaya mchangani, tukaita weee, kimya. Kumbe ulisahau kuwa ni bamvua. Mtu mzima, mzaliwa wa pwani, kusahau maji makuu! Yalipozifunika nyaya nikakimbilia kuziokoa, ukanishika mkono: "Tulia mwanangu, sikiliza." Yule rafiki yako wa Morisi, ambaye kutoka nyumbani tulimpata kwa taabu, alikuwa anatujibu waziwazi; maji ya chumvi yameipa antena nguvu. Ulicheka mpaka kofia ikaanguka majini. Tangu hapo tukawa tunayangoja maji badala ya kuyakimbia.

Na ni hapo ufukweni uliponifundisha kugonga zile nukta na mistari za kuandikia maneno redioni, kwa mwendo wako uleule. "Usiharakishe," ukiniambia, "wa mbali naye ni mtu."

Jumamosi nilikwenda peke yangu. Niliogopa, mjomba. Kama asingejibu mtu, ningeamini kazi yetu tumeizika pamoja nawe. Maji yalipojaa nikaita kwa alama yangu mwenyewe, ile ya kwenye leseni.

Rafiki yako akajibu. Neno lake la kwanza: "Bakari?"

Alama ilikuwa yangu, lakini mkono wa kugonga alioutambua ni wako. Nikamwambia kuwa umetangulia mbele ya haki. Naye akagonga polepole: nikufikishie salamu zake.

Basi nimezifikisha.

Ahsante, mjomba. Mwenyezi Mungu akulaze pema. Kila bamvua nitashuka na mwanzi wetu, na sitaharakisha.

Mpwa wako,
Mwanasha