Yungiyungi la Sabina

Jumatatu, 3 Februari

Nimepima maji ya bwawa. Kipimo ni kilekile: mkono hadi kwenye kiwiko, kiganja wazi. Nimekiona kiganja hadi kucha. Maji meupe mno, hayana chakula. Samaki wamedumaa na yungiyungi lina majani manne. Mwaka jana wakati kama huu lilikuwa na tisa.

Misa ya kumbukumbu ya Sabina ni tarehe 29 Machi. Nataka maua ya kumwekea mke wangu kaburini, na nayataka yatoke kwenye mmea huu, si kwingine. Aliung'oa kwenye lambo la kijiji chetu siku ya mwisho, tingatinga zikiwa zimeshafika kwa jirani. Wengine walibeba mabati na milango. Yeye alibeba kiazi cha yungiyungi ndani ya sufuria, na tope lake. Nilimcheka. Lambo lile sasa liko chini ya kifusi cha mgodi. Nilikwenda kutazama mara moja. Sitaki tena.

Nimetia vikombe viwili vya mbolea ya kukuzia, iliyobaki kwenye mahindi. Pia nimezamisha gunia la samadi kwenye kona na kulifunga kigingini, kama wafanyavyo wafugaji wa samaki.

Alhamisi, 13 Februari

Majani saba. Mapana, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Kiganja kinaonekana kwa shida, vizuri. Nimefundisha biolojia miaka thelathini na moja na sikuwahi kupata mwanafunzi aliyeitikia haraka hivi. Nimeongeza vikombe viwili.

Mama Kulwa amepita, jembe begani. Majaruba yake ya mpunga yako juu ya bwawa langu. Maji yanayomzidi hushuka kwangu kwa mfereji, na yanayonizidi mimi huteremka bondeni. Tumeishi hivyo tangu tuletwe huku nje ya Katoro.

"Shikamoo Mwalimu. Bwawa limenenepa."

Nikamwambia hiyo ndiyo elimu. Akacheka.

Jumapili, 23 Februari

Kuna vijani vinavyoelea, vidogo kuliko dengu. Jumatano vilikuwa kona moja. Leo vimefunika nusu ya bwawa. Chini yake kuna nyuzi za kijani, laini kama nywele zilizolowa, zimejiviringa kwenye mashina ya yungiyungi. Nimeopoa beseni tatu. Kufika saa kumi, pale nilipopasafisha pameziba tena.

Tumba moja limetokea. Bado liko chini ya maji. Majani mawili yameanza kuwa ya njano.

Nimekaa na kufikiri. Wiki iliyopita nilimwona Mama Kulwa akirusha mbolea kwenye mpunga. Kesho yake mvua ikanyesha. Imeshuka yote kwangu. Nina hasira kiasi kwamba mwandiko umeharibika.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Nimetoka kanisani moja kwa moja hadi kwa mwenyekiti wa kitongoji, majivu yakiwa bado usoni. Nimemweleza: naitrojeni, fosfati, utando unaoziba mwanga. Hakuelewa nusu yake wala hakuuliza. Nilimfundisha yeye, nilimfundisha na Mama Kulwa, kule kijiji cha zamani. Watu hawa hawambishii mwalimu wao. Nilijua hilo nilipokuwa naenda.

Mama Kulwa ameitwa. Ameamriwa azibe mfereji.

"Mwalimu, mimi nimetia kidogo tu," alisema. "Mpunga wenyewe haujashiba, kitashuka nini?"

Nikarudi nyumbani.

Ili kumaliza maneno nimeandaa jaribio. Ndoo tatu za rangi, tope sawa, na kila moja kipande cha kiazi nilichokata kwenye mmea wa Sabina. Ya kwanza ina maji ya mvua tu. Ya pili ina maji ya mfereji wa Mama Kulwa, niliyoyachota kabla haujazibwa. Ya tatu ina maji ya mvua na kijiko cha mbolea yangu, ya kulinganishia. Zimepangwa barazani. Atakuja kuona kwa macho yake.

Jumanne, 11 Machi

Mfereji umezibwa tangu Alhamisi. Bwawa halijapona. Maji yamesimama, mazito, yananuka.

Alfajiri samaki wote walikuwa juu, midomo nje, wakitafuta hewa. Mchana majani hutoa hewa, usiku huivuta. Utando ule ukizidi, kunapopambazuka hakijabaki kitu. Nilichora hili ubaoni kila mwaka. Hadi saa mbili perege walikuwa wanaelea matumbo juu. Niliacha kuwahesabu.

Tumba halikufunguka. Nimeligusa likabaki mkononi. Ndani limeoza.

Nimejiambia ni sumu iliyokwisha kuingia kabla ya mfereji kuzibwa.

Jumapili, 16 Machi

Mvua kubwa jana mchana kutwa. Maji ya Mama Kulwa hayakuwa na pa kwenda. Yamekata tuta. Majaruba mawili yamelala chini, mpunga umebebwa na mizizi yake hadi njiani.

Nimemkuta amesimama ndani ya maji hadi magotini, anajaribu kuyasimamisha mashina moja moja kwa mkono. Hayasimami. Hakuniangalia. Nami nimepita kama msafiri.

Sikula.

Ijumaa, 21 Machi

Ndoo.

Ya kwanza, maji ya mvua: jani moja, dogo, jembamba. Hai.

Ya pili, maji ya Mama Kulwa: majani mawili, kijani kizuri. Hai. Maji yamebaki maangavu.

Ya tatu, mbolea yangu: utando wa kijani umejaa hadi ukingoni. Nimeutoboa kwa kijiti. Chini, kiazi kimekuwa uji.

Nimekwenda kwenye kona ya bwawa nikavuta kamba ya lile gunia. Nilikuwa nimelisahau, au nilitaka kulisahau. Limetoka jepesi, limebaki makapi. Samadi yote iko majini.

Nimerudi nikafungua shajara hii. Tarehe 3 Februari, vikombe viwili. Tarehe 13 Februari, vikombe viwili. Mwandiko wangu, hauna hata wasiwasi.

Na maji yake ndiyo yaliyokuwa yakinisafishia bwawa miaka yote hii. Mimi ndiye niliyeagiza yazibwe.

Jumatatu, 24 Machi

Nimemchukua mwenyekiti hadi kwa Mama Kulwa. Nimesema mbele yao wote wawili, nimesimama: kosa ni langu, nilitia mbolea mwenyewe, mpunga umeharibika kwa sababu yangu. Kisha nikazibua mfereji kwa jembe langu. Mgongo unauma.

Mwenyekiti hakujua atazame wapi. Mwishowe akasema, "Mwalimu alikuwa anatuchapa tukikosea. Leo nani atamchapa?"

"Mwache," alisema Mama Kulwa. "Huoni ameshajichapa?"

Hakucheka aliposema. Mpunga haurudi kwa maneno. Nimemwahidi mahindi yangu ya msimu huu kwa ajili ya watoto wake. Amesema ataona.

Jumatano, 26 Machi

Nimeingia bwawani na suruali yangu ya zamani. Nimepapasa tope hadi nikakipata kiazi chenyewe, kile cha sufuria. Nilipokibana kilipita katikati ya vidole.

Hakuna kingine cha kuandika.

Jumamosi, 29 Machi

Misa. Padri alitaja jina lake vizuri. Kaburini sikuwa na ua. Nilibeba ndoo ya kwanza, ile yenye jani moja, nikaiweka pembeni ya msalaba kwa muda wa sala, kisha nikarudi nayo nyumbani kabla maji hayajapata moto.

Mama Kulwa alikuja. Alisimama nyuma. Nilidhani hatakuja.

Jumapili, 30 Machi

Asubuhi tulivu. Nimepeleka ndoo ya pili juu, kwenye mfereji, pale maji yanapotoka kwenye majaruba. Nimemwomba Mama Kulwa alitunze yungiyungi yeye. Bwawa langu halifai, na mimi pia sifai bado.

Alichungulia ndani ya ndoo.

"Umelitia kitu?"

"Sijalitia."

Akafanya shimo kwenye tope kwa kisigino, nami nikalishusha. Tukalitazama kidogo. Maji yalilipita polepole, majani mawili yakageuka kufuata mkondo, yakatulia.

Ndoo ya kwanza iko barazani. Jani moja, ukubwa wa ukucha wa gumba. Maji yamepungua kidogo. Nitaongeza ya mvua.