Mmoja Aseme kwa Wote

12 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta salama na miguu imepungua kuvimba. Mimi mzima, ila kazi ya ofisi ya utafiti inanimaliza.

Mama, kile kidonge cha presha kilichomvimbisha mama mdogo ulimi kilijaribiwa bila watu wa kwetu, sisi wahamiaji, kuwamo. Sasa kuna dawa mpya inajaribiwa, na kituo kimoja kiko hapo mjini kwako. Wakubwa wangu wanasema watu wetu hawajitokezi. Nimechoka kusikia hivyo. Tafadhali nenda, na uwaambie wenzako wa dobini. Presha yako haingoji.

Binti yako

27 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Hujambo huko? Mimi kichwa kinagonga, lakini nani atanipa ruhusa ya kulala?

Hao watafiti si wageni kwetu. Mwaka ule ulipomaliza shule walikuja mtaani, wakatutoa damu, wakasema majibu yatakuja. Mpaka leo macho yetu yako njiani. Na kituo chenu kinafunguliwa saa ambazo sisi tuko kazini! Lakini umeomba wewe, nitakwenda. Wenzangu wa zamu nimewabembeleza, wamekubali kwa sababu mwanangu yumo humo.

Mama yako

19 Machi

Mwanangu,

U hali gani? Sisi tumekwenda na tumerudi mikono mitupu.

Walitaka kila mtu aingie chumbani peke yake, mlango ufungwe, aulizwe kupitia mkalimani wa kwenye simu. Unajua mambo ya dobini: msimamizi akimwita mmoja tunakwenda wote, na mkubwa wetu anasema kwa niaba ya wote, maana kila aliyeingia peke yake ametoka hana kazi. Basi nikasimama nikasema, "Daktari, sisi wote tumekubali, andika." Akaniuliza nani amenituma niwalazimishe wenzangu. Mimi! Akaandika kwamba hawakuja kwa hiari, akatuaga.

Njiani mpiga pasi wetu akasema, "Jamani, hata kuugua tunakataliwa." Tukacheka kwa uchovu. Wamesema hawatii mguu pale tena.

Mama yako

24 Machi

Mama,

Shikamoo, na pole sana. Nimelia ofisini bila kujificha.

Nimebishana na wakubwa mpaka sauti ikakauka. Wamekubali mrudi, lakini kila mmoja aseme mwenyewe, faraghani. Sharti hilo liliwekwa ili watu kama sisi wasiburuzwe, ndiyo maana nashindwa kulipinga. Kama wenzako hawataki, rudi peke yako. Naogopa kukuzika, mama.

Binti yako

16 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini umepata usingizi siku hizi.

Nilirudi. Mlango ukafungwa, nikajibu mwenyewe, wakanipokea. Dawa nameza, ulimi haujavimba na kichwa kimetulia. Waambie wakubwa wako mmoja wa kwetu wamempata.

Wenzangu hawakunigombeza. Wananisalimu vizuri, kisha wananyamaza mpaka nipite. Inaniuma kuliko matusi.

Jana msimamizi alimwita mpiga pasi ofisini. Wote wakaacha kazi, wakainuka. Nami nikafuta mikono, nikainuka, maana mkubwa wao ni mimi. Mpiga pasi akanishika bega taratibu, akasema, "Wewe kaa, dada. Leo tutasema wenyewe."

Nikakaa.

Mama yako