Uvimbe wa Meneja

Baba,

Meneja anakula. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya habari za mjukuu wako. Leo asubuhi kapanda mwenyewe juu ya maji, kafungua mdomo wote, kameza chembe tatu za chakula, akarudi kutafuta ya nne. Mdomo wote, Baba! Uvimbe haupo.

Lakini habari za uvimbe huzijui, ulikuwa umeshaondoka. Ngoja nikueleze taratibu. Minza kalala mgongoni, na mikono yangu imepata nafasi.

Kwanza ujue saluni naiendesha mimi. Wiki ya kwanza baada ya kukuzika nilifungua mlango nifagie tu. Akaingia mchimbaji mmoja, nywele zimejaa vumbi jeupe la karasha, pale wanaposaga mawe ya dhahabu. Akakaa kwenye kiti chako. Nikashika mashine ya kunyolea. Waliokuwa nje wakacheka: "Segese yetu imefika pabaya, tunanyolewa na mama anayenyonyesha!" Yule kwenye kiti akawajibu bila kugeuza shingo, "Nyie bakini na misitu yenu kichwani." Kesho yake wawili kati ya waliocheka wakaja na misitu yao.

Tangi la kioo liko palepale ulipoliweka, mbele ya kiti, ili watoto wamwangalie samaki wasilie wakinyolewa. Siku ulipomleta kutoka Mwanza ndani ya mfuko wa plastiki, rangi yake kama chungwa lililoiva, ulisema, "Huyu anazunguka anakagua tu, kazi hafanyi. Huyu ni meneja." Jina likakaa.

Basi, kama mwezi baada ya msiba, nikaona kitu chini ya mdomo wake, upande wa kushoto. Kidogo kama punje ya choroko. Nikadhani ni ukungu, nikafanya ulivyonifundisha: maji nusu yatoke, yaingie yaliyolala siku nzima kwenye ndoo, na chumvi kidogo. Wiki nzima. Choroko ikawa kunde, kunde ikawa harage, jekundu pembeni, njano katikati. Mdomo ukaenda upande. Chakula akawa anakigonga tu, kinadondoka.

Hapo kila mtu akawa daktari. Mama Kulwa wa mgahawa alisema, "Jipu hilo, likamue." Wachimbaji nao, ile njano ya katikati iliwatia wazimu. "Mama Minza, samaki wako kameza gramu za dhahabu! Mpasue tugawane!" Walikuwa wanatania, ila mmoja aliuliza mara tatu, na ya tatu hakucheka.

Baba mdogo Shija yeye hakutania kabisa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku macho yake yakiwa kwenye tangi. "Samaki wa marehemu akiota uvimbe, kuna jambo nyumba inalikataa. Mtoe. Na saluni uifunge mpaka ukoo ukae, ipate mwanaume wa kuishika." Ukoo ulikuwa unakaa Jumapili ya kumaliza matanga. Zilibaki siku kumi na mbili.

Unamjua mdogo wako. Si mtu mbaya. Hakumchukia samaki, ila uvimbe ulimfaa. Nikapiga goti kama ulivyotulea, nikasema, "Baba mdogo, nimesikia. Samaki huyu niliachiwa mimi. Akifa, funguo nakuletea mwenyewe. Akipona, funguo zinabaki kwangu." Akasema, "Sawa, mashahidi wapo." Alipotoka nikarudi kumtazama Meneja. Saluni yako yote nimeiweka juu ya mdomo wa samaki!

Mteja mmoja kwao ni Chato, akaniunganisha na dada yake, afisa uvuvi, kule wanamwita bibi samaki. Nikampigia. Akacheka kwanza: "Mimi wangu ni sato na sangara. Lakini haya, samaki ni samaki, nitumie picha." Kisha akaanza maswali, Baba, kama mtu anayechambua mchele. Hilo jipu ni laini kama pamba au ni gumu? Gumu. Yapo mengine mwilini? Hakuna, ni hilo hilo. Lilianzia ndani ya mdomo au nje? Sikujua. Chini ya tangi umeweka nini? Nikasema mawe. Akasema, "Mama Minza, usimpe dawa yoyote. Kaa umwangalie. Umwangalie anavyokula, kisha uniambie."

Nikakaa. Mchana kutwa, mteja akiondoka narudi kwenye tangi, Minza ananyonya, macho yananifumba yenyewe kwa uchovu. Nikaona. Meneja anainama, anaokota kijiwe kwa mdomo, anakimumunya kutafuta chakula kama mtu anayenyonya mfupa, anakitema. Kingine tena. Nikaingiza mkono nikachota mawe. Nilipoutoa, kidole kilikuwa kinatoka damu.

Sasa hapa nisikilize, sitazunguka. Ulimuumiza wewe.

Alikuwa akilala kwenye mchanga wa mtoni, laini. Wewe ndiye uliyeutoa, wiki mbili kabla presha haijakuchukua, ukajaza mawe ya karasha kwa sababu yanametameta. Ulisema, "Segese nzima inayatolea jasho mawe haya, acha Meneja ayalalie bure." Nami nilikushikia ndoo, nikacheka. Mtu wa mahali pengine angeona kokoto kali zilizosagwa na chuma. Sisi tuliona pambo.

Nililia, Baba. Msibani nilikulilia kwa huzuni, siku ile nikakulilia kwa hasira. Ulikuwa unameza dawa zako siku ukikumbuka, chumvi unaongeza mezani, ukiambiwa unasema "mimi mzima." Yote hayo niliyalilia pamoja na mawe. Na ajabu, baada ya kilio kile ndipo nikalala usingizi wa kweli, wa kwanza tangu uondoke. Asubuhi nikayatoa mawe yote, ndoo mbili, nikayamwaga mlangoni penye tope, wateja wakanyage wasituletee matope ndani. Yanafanya kazi nzuri pale.

Bibi samaki aliposikia akasema, "Basi hapo ndani kuna kipande. Mwili umekizungushia nyama. Inabidi kitoke." Nikamuuliza nani atakitoa. Akasema, "Si unanyoa ndevu za watu kwa wembe kila siku? Mkono unao."

Nikanunua mafuta ya karafuu, yale ya jino, ya kumlaza Meneja asisikie maumivu. Nikachemsha kibano cha nyusi. Nikamwomba Mama Kulwa anishikie simu, akaishika huku kafumba macho, anasali. Bibi samaki anaelekeza kwa sauti kubwa: "Tone, mama, tone! Siyo kijiko! Litikise kwanza kwenye chupa ya maji." Nikamimina kwenye beseni, nikamtia Meneja. Akayumba kama mlevi wa siku ya malipo, akalala ubavu. Nikamlaza kwenye kitambaa kilicholowa, nikaingiza kibano pale kwenye ile njano. Kibano kikagusa kitu kigumu. Nikavuta taratibu, taratibu hivi, kikaja: kijiwe cheupe, chembamba, chenye ncha, urefu wake kama ukucha uliokatwa. Damu kidogo na usaha. Nikapaka dawa ya vidonda pale tu, kwa pamba.

Kumbe dirishani wamejaa vichwa. "Ni nini? Dhahabu?"

"Jiwe."

"Jiwe tupu?"

"Tupu!"

Walivyoguna, Baba, ungedhani wamefukiwa ndani ya duara, shimo lao wenyewe la dhahabu.

Lakini Meneja hakuamka. Nilimrudisha kwenye maji safi, nikamshika karibu na mapovu ya pampu, nampeleka mbele polepole ili maji yampitie mdomoni, kama alivyosema bibi samaki. Mashavu hayachezi. Mama Kulwa kafumbua macho, kayafumba tena. Nikasema kwa sauti, bila aibu, mbele ya wachimbaji wote, "Meneja, wewe hufi. Nimekataa." Shavu likacheza. Likacheza tena. Mkia ukapiga, maji yakanirukia usoni, na dirisha zima likapiga kelele kama siku timu imefunga goli!

Jumapili baba mdogo akaja na wazee wawili. Akainama kwenye kioo. Meneja akaja kumkagua, mchanga safi niliomrudishia chini yake, kovu jeupe tu kidevuni. Nikatupia chakula. Akala, kwa shida kidogo, lakini akala. Baba mdogo akakaa ameinama muda mrefu mpaka nikahofia mgongo wake. Halafu akanyooka, akavua kofia, akakaa kwenye kiti.

"Ninyoe," akasema. "Pembeni usipunguze sana."

Nilimnyoa, Baba. Nilimnyoa vizuri kuliko mtu yeyote tangu nianze, na alipotoka alipeana mkono na mimi mbele ya wazee wake. Neno la funguo hakulitaja tena.

Sina hasira sasa. Kijiwe chenyewe nilikitupa, hakuna cha kukihifadhi. Ninachokuahidi ni hiki: Minza akikua nitamsimulia yote, kwamba babu yake alikuwa mtu wa watu, na kwamba alikosea, na kwamba mama yake alikiona kijiwe kwa sababu alikaa akaangalia. Sitamwambia nusu. Na mama yako, bibi kule kijijini, dawa zake za presha nampelekea mwenyewe na nasimama mpaka ameze, hata akinuna.

Wabeja sana, Baba, asante kwa yote. Pumzika, usihangaike na sisi.

Mwanao Kabula, kinyozi.