Asikalie Kiti cha Baba

Malaba, Jumapili baada ya kanisa

Mama yangu, Mwaitu,

Kabla ya salamu nakuomba kitu kimoja. Huyo mtu aliyekuletea barua hii, mwache asimame hapo mlangoni. Usimpe maji, usimpe kiti, na zaidi ya yote asikalie kile kiti cha marehemu baba. Kwanza angalia hiki kipande cha turubai nilichoishonea ndani. Kama ulipoipokea fundo la uzi lilikuwa halijakatwa, basi hajasoma. Wewe soma polepole mpaka mwisho, yeye akingoja. Kungoja hakuui. Mimi nimengoja karibu miaka miwili.

Sasa ndio nakusalimia, Mama. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua bado unaipata sokoni? Mvua ilifika huko, ama ndengu zilikaukia shambani tena? Mimi ni mzima. Mjukuu wako pia ni mzima. Anaitwa Nafula, ana mwaka mmoja na miezi miwili, na paji la uso ni la marehemu baba kabisa, hata vile anavyolikunja akikasirika.

Nimeandika kwa sababu simu yangu uliacha kushika. Nikikupigia na ya jirani, ukisikia ni sauti yangu unakata. Sikulaumu sana. Nakulaumu kidogo. Kyalo alikuja hapo na sukari na leso, ukamketisha kwa kiti ambacho sisi watoto wako hatukuthubutu kukigusa, akakwambia eti nimemtoroka, nimevuka Uganda na dereva mwingine, na mimba si yake. Ukamwamini. Mimi hukuniuliza.

Ukweli ni huu. Kyalo alinitoa Kibwezi akisema tukifika Malaba tutatafuta nyumba. Jumatatu nikamwambia nina mimba. Jumanne asubuhi nilienda kwa laini ya malori na chai yake kwenye chupa, nikakuta pale lilipokuwa lori lake kuna mafuta chini tu. Nilivuka, Mama? Hata ile barabara ya kwenda Uganda sijawahi kuikanyaga mpaka leo.

Aliyeniokota ni mama mmoja mshona maturubai, mkubwa wa kazi hiyo hapa. Jina lake Nekesa, lakini sisi tunamwita Kukhu, ndivyo wanavyomwita nyanya huku. Malori yakingoja kuvuka, wezi wanapanda juu na visu, kamba nazo zinakata, na watu wa kastam hawapitishi mzigo wenye turubai lililochanika. Kwa hivyo kazi haiishi. Mmoja anakaa juu, mwingine anaingia chini ya turubai, mnapitishiana sindano ya gunia. Chini kuna joto kama ndani ya chungu, lakini kuna kivuli na hakuna mtu anayekuona tumbo. Kukhu aliniweka chini. Mwezi wa kwanza kila nilichoshona alikifumua, akiniambia usianzie kwa tundu, anzia pale pazima, ukianzia kwa tundu uzi unashika hewa. Alinipokea mtoto kwa mikono yake, usiku ambao mabati yalikuwa yanapigwa na mvua, ndiyo maana akamwita Nafula. Ni jina la huku la mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua.

Mama, huyu mama anakufa. Tangu Krismasi tumbo limefura, na hospitali walituambia turudi naye nyumbani tumpe anachopenda. Anachopenda ni kazi. Tumeweka godoro lake karibu na mlango, anatutazama tukishona, anatutukana kwa sauti ndogo. Kila siku ananifundisha kitu kama mtu anayefunga mizigo haraka.

Ijumaa nilikuwa chini ya turubai la lori la mchele. Mama Barasa, mwenzangu, alikuwa juu. Dereva akaja kusimama karibu, anatafuna muwa, na aliposema neno la kwanza sindano ilinichoma kidole. Ilikuwa sauti ya Kyalo. Alikuwa anawachekesha madereva wengine kwamba kuna msichana wa Kikamba alimleta huku, sasa anasikia yuko Mbale, ameshabadilisha mabwana watatu. Akamuuliza Mama Barasa fundi aliye chini ni nani, mbona hasemi.

“Ni panya wetu,” Mama Barasa akajibu. “Angalia asikutafune.”

Walicheka, na yeye akacheka zaidi yao.

Nilitokea upande wa pili, nikaenda kwa Kukhu. Mkononi nilikuwa nimeshika uzi uliofumuliwa kutoka kwa gunia kuukuu. Uzi huo ukishona leo unaonekana mzuri, lakini mvua mbili tu, umeoza. Nilitaka mchele wake uloe huko mbele, apoteze kazi, alale njaa, aambiwe na watu ni mwongo. Sitakuficha, Mama. Nilitaka hata zaidi ya hayo.

Kukhu aliuangalia ule uzi, akanituma nimwekee mto mgongoni. Halafu akanieleza jambo ambalo alikuwa hajamwambia mtu. Zamani mume wake alimfukuza Funyula, akaoa mwingine. Mwaka mmoja huyo mume akaleta turubai Malaba lishonwe, bila kujua litaangukia mikono ya nani, na Kukhu akalishona kwa uzi wa gunia. Alilala akitabasamu. Kumbe mume alilipeleka kwa dada yake, afunikie mahindi. Mvua ikanyesha wiki nzima, mshono ukafunguka, mahindi yote yakaoza. Na huyo dada, wifi yake Kukhu, ndiye pekee katika boma lile aliyekuwa amewachukua watoto wa Kukhu akiwalisha. Msimu huo walilala na uji wa maji, wifi na watoto, wote. Mume alikuwa anakula hotelini.

“Sikuambii usamehe,” akaniambia. “Mimi sijasamehe, na nitaenda nayo hivyo hivyo. Lakini lenga. Kisasi ukikiachilia ovyo hakiulizi ni mlango wa nani.”

Akaniuliza kama nimesahau sheria ya sindano. Huku, fundi akichomeka sindano yake kwa turubai, kazi hiyo ni yake. Fundi mwingine hagusi, hata aitwe na nani, mpaka mwenyewe aitoe. Mafundi waliweka sheria hiyo kumaliza vita vya kunyang'anyana wateja.

Nilirudi, nikachomeka sindano pembeni mwa tundu kubwa la turubai la Kyalo, nikaenda kunyonyesha.

Saa nane mawingu yakaja kutoka upande wa Tororo. Kyalo akatafuta fundi laini nzima, kila mmoja anaona sindano anageuka. Akachukua boda mpaka Amagoro, akaja na fundi mwingine nyuma yake. Huyo fundi akapanda, akaona, akashuka, akamwambia mwenye boda hata asizime pikipiki. Matone yalipoanza, Mama Barasa akamwonyesha mlango wetu.

Alisimama hapo akiwa amevua kofia. Hakuniona, nilikuwa kwa giza la ndani.

“Mama, mchele wa watu unanyeshewa. Nitolee sindano.”

“Si yangu,” Kukhu akasema. “Ni ya huyo anayenyonyesha.”

Akainamisha kichwa atazame vizuri. Mama, ningependa ungemwona.

“Mueni,” akasema.

“Si niko Mbale?” nikamjibu.

Nje wanawake walikuwa wamejaa kwenye baraza, hata wale hawana kazi na maturubai. Akaniuliza ninataka nini. Miaka miwili nimekuwa nikipanga matusi usiku, nikayakosa yote. Nikamwinulia mtoto, nikamwambia, sema huyu ni nani.

“Ni mtoto,” akasema.

“Watoto ni wengi,” Kukhu akasema. “Ongea na mvua isikie.”

Akasema ni mtoto wake. Mama Barasa akapiga kelele kwamba huko nyuma hawajasikia. Akarudia kwa nguvu, mishipa ya shingo imemtoka. Kukhu akamuuliza anaitwa nani. Hakujua. Ikabidi aniulize mimi, mbele ya watu wote, jina la mtoto wake mwenyewe. Nilimwambia, akalisema. Mama, nilisikia utamu kama wa kutoa mwiba uliokaa. Sijutii. Nikikumbuka nausikia tena.

Turubai nililishona, kwa uzi wenye nta, mistari miwili, mkono wa Kukhu. Watakaokula mchele ule hawakunikosea. Lakini nilimwambia Kyalo hatujamalizana. Hapa Malaba watu wananijua, hapa hakuniua. Aliniua mlangoni kwako, na ni hapo ataenda kuyarudia maneno yale yale, akiwa amesimama. Kesho anarudi kutoka Mbale bila mzigo, atapita hapa kuichukua barua hii.

Mafundi wote wa huku wameshakubaliana, na wa Busia wamepata habari. Hakuna sindano itakayogusa turubai lake mpaka arudi na kipande cha ile leso aliyokuletea, kimekatwa na wewe. Ukiniamini mimi, kata umpe. Kama bado unamwamini yeye, mwache aje mikono mitupu. Nitaelewa, na sitakusumbua na simu tena.

Jana Kukhu alimwita yule wifi yake wa Funyula, akamwambia habari ya mahindi. Nilifikiri mama yule atatoka. Alikuwa anamchua Kukhu miguu, akaendelea tu. Akasema, “Nilijua siku hiyo hiyo. Nani hajui uzi wa gunia?” Kukhu akageuza uso ukutani akalia. Leo amenifungia mwenyewe fundo la uzi nitakaofungia barua hii. Vidole vimefura, amekaa nalo kutoka chakula cha mchana mpaka kuku wakaingia ndani, na hakutaka nimsaidie. Naona ni la mwisho. Hata kama umelikata ukifungua, tafadhali usilitupe, liweke.

Nisalimie mdogo wangu wa shule, mwambie asome, kushona bila kusoma kunaumiza macho bure. Nisalimie mke wa kaka na yule mjomba mwenye mbuzi, na nyanya mzaa baba umwambie paji lake la uso limefika mpaka mpakani. Kiti mkifute vumbi. Ukikata leso, Desemba nakuja, na atakayekikalia ni Nafula.

Sasa inua macho, Mama. Bado amesimama? Mwambie aseme.

Ni mimi binti yako ambaye hakuvuka,
Mueni