Bei Niliyoogopa Kuitaja

Kibeta, Jumamosi. Mvua ya asubuhi imekatika, na migomba ingali inadondosha maji juu ya bati la jikoni. Nimeamka na moyo mwepesi, jambo ambalo sikulitarajia wiki hii.

Tovuti yetu haitafungwa.

Kwa msomaji anayepita hapa kwa mara ya kwanza: binti yangu Kemilembe aliianzisha miaka minne iliyopita, ili waandishi wa programu wa huku kwetu wapate mahali pa kuhifadhi misimbo yao pamoja na kumbukumbu ya kila badiliko. Yeye hutunza mitambo. Mimi, mwinjilisti mstaafu, hujibu barua za watumiaji, na ndimi niliyeandika masharti. Bei sikuiweka. Niliandika kwamba kila mtu atoe kadiri moyo unavyomwongoza, kisha nikafungua ukurasa wa shukrani wenye jina la kila mtoaji na kiasi alichotoa, kama tusomavyo ahadi kanisani mbele ya washarika. Nilidhani nimefanya jambo la uchaji.

Matoleo yakapungua. Watumiaji saba wakahamisha kazi zao bila kuaga. Kodi ya seva ikawa inatoka katika mshahara wa Kemilembe, naye hakunung'unika hata mara moja. Jumatatu ndipo aliponiambia, kwa upole, kwamba mwisho wa mwezi atafunga.

Nilikuwa nikijiona mkarimu kwa fedha ya mwanangu.

Jumatano nilikwenda Nshamba kwa mwalimu Alistidia, aliyeandika programu ya mizani ya chama cha wakulima wa kahawa na kuihifadhi kwetu. Niliona si haki asome habari kama hiyo kwenye simu. Alinikaribisha kwa kahawa ya kutafuna, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akacheka mpaka nikajisikia vibaya.

“Tata waitu,” akaniita baba kwa heshima ya Kihaya, “wewe ulitutega!”

“Nimewategaje, mwalimu?”

“Nitume elfu mbili, watu wasome pale kwamba mwalimu mzima wa hesabu ametoa elfu mbili? Nitume elfu hamsini, nyumbani tule nini? Nikaona heri ninyamaze. Hata mama wa ndizi pale sokoni hutaja bei. Ikinishinda, naondoka, na hakuna anayenitazama.”

Miaka yote niliyosimama kanisani kusoma majina, sikuwahi kujiuliza ni nani aliyebaki nyumbani Jumapili hizo kwa sababu bahasha yake ilikuwa nyembamba.

Alhamisi tuliketi mezani, Kemilembe na mimi. Akaandika kodi ya seva, umeme, gharama ya nakala rudufu, na akiba kidogo ya siku kifaa kitakapoharibika. Akagawanya kwa watumiaji waliobaki. Ikatoka elfu nane kwa mwezi. Wanafunzi wasilipe kitu. Nakiri kwamba niliona aibu, kana kwamba nimeombwa kuuza mahubiri.

“Iandike wewe, Tata,” akaniambia. “Mimi wataniomba nipunguze. Wewe watakuogopa.”

Nikaiandika. Kisha nikaufuta ukurasa wa shukrani, majina na viasi vyote, na kidole changu hakikusita.

Leo kabla ya chai Kemilembe ameniletea simu yake. Wengi wamelipa ya miezi kadhaa kwa mkupuo, fedha iliyoingia inatosha kodi ya miezi mitano, na kuanzia mwezi ujao mshahara wake utabaki kuwa wake. Wa kwanza kulipa alikuwa Alistidia, na ameambatanisha ujumbe mfupi: “Elfu nane. Umeona ilivyo rahisi, waitu?”

Nimemshukuru Mungu kwa kupiga magoti, kisha kwa kumwomba binti yangu msamaha. Hili la pili lilikuwa gumu zaidi. Alinishika mkono tu, akaniuliza kama nimekula.

Nimebaki na swali moja. Je, nilikataa kutaja bei kwa ajili yao, au kwa ajili ya kuitwa mtu mwema? Sina hakika ya jibu, na katika umri wangu sipaswi kulikimbia.

Jumatatu nitawaandikia wale saba waliohama, kila mmoja barua yake. Sitawasihi warudi. Nitawaambia bei.