Jiko Likae Nje, Amesema Conjesta

Makambako, 2 Juni 2024

Mwanangu Conjesta,

Kamwene, mama. Huko mtaa wa Ramadhani mmeamkaje na baridi hii? Mimi mgongo unauma kama kawaida yake, mengine ni mazima. Mama yako kule Mlangali anasema maharage yamekubali. Naandika kwa sababu kwenye simu unayajua masikio yangu. Kiwanda cha mbao kiliyachukua hakikurudisha. Barua nampa kondakta wa basi la Njombe.

Hapa stoo tunapakia viazi mchana kutwa. Jioni nawasha jiko la mkaa nje, nalipepea mpaka moshi wote uishe na mkaa uwe mwekundu, ndipo naliingiza chumbani na kufunga mlango. Nalala kama askofu.

Ile kazi yako ya utafiti imefikia wapi? Anold, mwenzangu wa kupakia, ananiuliza kila siku kama umeshakuwa daktari, na mimi sijui nimjibu daktari wa nini.

Baba yako,
Valeriani


Ramadhani, Njombe, 9 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima, pole na mgongo. Nilisoma barua yako nikafika kwenye jiko nikasimama. Baba, naomba ulitoe nje leo hii. Ndicho nilichokiandika kwenye utafiti wangu. Nimepita nyumba nyingi za huku kwetu, na kila mtu anasema kama wewe: moshi ukiisha, mkaa ni salama. Si kweli. Mkaa mwekundu unatoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka. Chumba kikifungwa, inaua watu usingizini.

Makala nimeipeleka kwenye jarida kubwa la afya ya jamii. Majarida nayo yana vyeo, baba. Waandishi wengine wakizitaja makala za jarida fulani ndani ya makala zao, inahesabiwa, na jarida linapewa alama. Alama ikiwa juu, jarida linaheshimika, na aliyeandika humo naye anaheshimika. Kamati inayochagua watu wa kwenda kusomea uzamivu inataka uwe umeandika kwenye jarida la alama ya juu.

Mhariri amejibu kwamba makala yangu ni nzuri, ila niongeze ndani yake makala za jarida lao wenyewe, alizonichagulia yeye. Nimezisoma. Moja inahusu meno ya wanajeshi. Haihusiani na mkaa hata kidogo, anataka tu nizitaje ili alama yao ipande. Nisipofanya hivyo, hachapi. Sijui nifanyeje.

Mwanao,
Conjesta


Makambako, 15 Juni 2024

Mwanangu,

Kamwene. Mgongo wangu na mimi tumeamka pamoja, tunashukuru.

Nimekuelewa kuliko unavyodhani. Hiyo ni lumbesa. Gunia limeshajaa, mtu anarundika viazi vingine juu, anashonea na nyasi mpaka linavaa kilemba, kisha wote tunaliita gunia moja. Sasa nakwambia bila kukuficha: ongeza. Hapa kila mtu anaongeza. Anayekataa, gari linaondoka bila viazi vyake, vinabaki vinaota. Taja hayo meno ya wanajeshi, ukasome. Ukishakuwa mkubwa utakataza wengine. Nataka nikuone umefika kabla mgongo huu haujakatika.

Habari ya jiko nimeisikia. Lakini mama, moshi ukiisha kinabaki nini? Nimelala nalo tangu ujana na bado nipo.

Baba yako,
Valeriani


Ramadhani, 30 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Naomba usome hii ukiwa umeshakula.

Nimekataa. Nilikaa kabisa nikaanza kuongeza. Nilipofika kwenye meno ya wanajeshi nikakukumbuka ulivyokuwa ukirudi nyumbani likizo, unalala chali sakafuni, mama anakukanda kwa maji ya moto. Vile vilemba vya magunia alivibeba nani, baba? Vidole vikagoma.

Mhariri hajaandika tena. Kamati imesema mwaka huu sina nafasi. Makala nimeipeleka kwenye jarida dogo la hapa nchini, ambalo alama halina kabisa. Najua si hivyo ulivyotaka.

Lakini jiko, baba. Tafadhali.

Mwanao,
Conjesta


Ramadhani, 4 Mei 2025

Baba,

Shikamoo, na habari za tangu mwaka jana. Hujaniandikia tena. Kwenye simu unasema "tupo" kisha unakata, na najua si masikio. Ulitaka nifike, nikageukia njiani.

Nakutumia jarida lenye makala yangu. Ni jembamba, usilidharau. Lina kitu ambacho yale makubwa hayana: mwisho wa kila makala kuna ukurasa mmoja wa Kiswahili. Soma huo tu. Baridi inarudi na mimi silali vizuri nikikufikiria.

Mwanao,
Conjesta


Makambako, 25 Mei 2025

Conjesta, mwanangu,

Kamwene. Nilinuna, ni kweli. Sasa imetosha.

Jarida nilimpa Anold atusomee kwa sauti wakati wa chai, maana maandishi ni madogo kama chawa. Alipofika pale uliposema mkaa usio na moshi ndio unaodanganya watu, Hilario dereva akasema, "Binti wa Valeriani anataka tugande!"

Feliciana anayetuuzia chai akamjibu, "Ganda tu, Hilario, asubuhi nitakuyeyusha kwa chai. Ukishakufa nitakuyeyusha na nini?"

Tukacheka. Kisha Feliciana akaweka birika chini. Akasema shangazi yake alikutwa asubuhi amelala na jiko pembeni, mlango umefungwa kwa ndani. "Tukamzika tukisema karogwa," akasema. "Mpaka leo hatusalimiani na jirani." Hapo hakuna aliyecheka, kwa sababu mle stoo wote tunalala na jiko.

Nikakumbuka ulivyosema, mtu akitajwa na wengi ndipo alama inapanda. Nikawaambia wenzangu, huyu wangu hatakosa wa kumtaja. Unajua kila gunia tunaliandika alama ya mwenye mali kwa wino mzito. Sasa chini ya alama Anold anaandika: JIKO LIKAE NJE. AMESEMA CONJESTA MTWEVE. Wenye mali wamekubali, ila mmoja aliuliza kama unagombea udiwani. Magunia yamekwenda Dar, yamekwenda Dodoma, yamefika Tunduma. Ukiona alama imepanda, ujue ni sisi.

Baba yako,
Valeriani


Ramadhani, 20 Julai 2025

Baba,

Shikamoo. Nilicheka mpaka mwenzangu ofisini akaja kuniangalia. Kisha nikakosa moyo wa kukwambia kwamba magunia hayahesabiwi. Ndiyo maana nimechelewa kujibu.

Juzi nilikuwa vijijini Makete. Niliingia kwa mama mmoja, Jenifer, ambaye ameshona pazia la mlango kwa magunia yaliyotumika. Katikati ya pazia, mwandiko wa Anold, jina langu. Nikamuuliza, "Mama, huyu Conjesta ni nani?"

"Simjui, dada. Labda mtu wa serikali. Gunia nimelinunua mnadani Njombe limeshatumika."

"Na jiko lako liko wapi?"

Akanionyesha kwa kidevu. Lilikuwa nje chini ya upenu, amelifunika na debe. "Mtu ahangaike kuandika uongo kwenye gunia la viazi, ili iweje?" akasema. Sikumwambia kuwa ni mimi. Nilikunywa uji wake nikiwa nimeligeuzia pazia mgongo, kwa sababu kila nikiliangalia machozi yalikuja.

Na hili la pili: mhadhiri mmoja wa Dodoma ameisoma makala na kuitaja kwenye yake. Mpaka sasa ni huyo peke yake duniani. Ameniambia niombe nafasi ya kusoma chini yake mwakani, akasema alama ya jarida hakuiangalia, aliangalia nilichokiandika. Nimeshaomba.

Mwanao,
Conjesta


Makambako, 27 Julai 2025

Mwanangu,

Kamwene. Mwandiko ni mbaya kwa sababu natetemeka, baridi ya leo haina adabu. Feliciana ameniazima blanketi la pili. Jiko liko nje. Asubuhi nalikuta limelowa umande, linanitazama kama mbwa niliyemfukuza.

Anold amefurahi kuhusu huyo wa Dodoma, lakini anasema kutajwa na mtu mmoja ni kuchache, waangalie tena. Kama hawahesabu magunia, basi. Huyo mama wa Makete hawamhesabu pia?

Nenda kasome, mama. Na wakikuuliza nani mwingine amekutaja, nihesabu na mimi.

Baba yako,
Valeriani