Wimbo wa Kupura Maharage

Mjukuu wangu Neema,

Huku Mbulumbulu hatujambo, na mama yako amepona kikohozi. Unauliza maneno ya kweli ya wimbo wetu wa kupura maharage ili uyaandike, maana watu wa huko Mang'ola wanauimba polepole na wametia vitunguu mahali pa maharage.

Hata mimi, nikiwa msichana, niliteremka Mang'ola kwa miguu kwenda kuwasahihisha. Shangazi yangu aliyeolewa huko akanisikiliza, akanipa miche: "Panda kwanza, utatufundisha baadaye." Nikapanda vitunguu nimeinama, nikiimba kwa ukaidi mwendo wetu wa haraka wa fimbo za kupuria. Pumzi ikanikatika. Kufika adhuhuri nilikuwa nauimba kama wao.

Andika zote mbili. Ila wa kwetu usiuandike umekaa. Njoo; maharage yamekauka, na fimbo yako nimeshaichonga.

Bibi yako